Ukurasa wa Treni: Kosa la Hergé la 1946

Kichekesho cha ukurasa wa treni katika albamu ya Tintin au Congo ndicho kilichostahili kufutwa mwaka 1946, na ndicho kilichoachwa. Hergé, mchoraji Mbelgiji wa Tintin, akisaidiwa na Edgar P. Jacobs, alizipunguza kurasa 110 za mwanzo hadi 62 na kuzitia rangi. Mistari ilisafishwa vizuri. Somo la darasani lililowafundisha watoto kwamba nchi yao ni Ubelgiji likawa la hesabu. Kwa hiyo kufuta aliweza.

Relini hakufuta. Treni inaligonga gari dogo la Tintin: gari halipati hata mkwaruzo, treni inalala ubavu. Abiria wana sura moja, midomo ile ile iliyovimba, na wanasema Kifaransa cha mtoto anayejifunza kutamka. Wakiambiwa wainyanyue, mmoja aliyejikwatua kizungu anaogopa kuchafuka, mwingine amechoka, na hata Milou, mbwa wa Tintin, anawaita wavivu. Kichekesho chote kimesimama juu ya uvivu huo. Ukiuondoa, ukurasa hauna kitu. Lakini reli halisi ya Kongo, ile ya Kabalo hadi Kalemie, ilifika Ziwa Tanganyika mwaka 1915, na mataruma yake yalibebwa na Wakongomani hao hao. Hergé hakuwahi kukanyaga Kongo. Makumbusho ya Kongo ya Tervuren, Ubelgiji, yalimtosha.

Utetezi kwamba "enzi zilikuwa hivyo", unaorudiwa mara kwa mara Brussels, haufiki mbali. Mwaka 1934 Zhang Chongren, mwanafunzi Mchina wa sanaa huko huko Brussels, alimfundisha Hergé kutazama. Albamu ya Le Lotus bleu ikatoka na vibao vya Kichina halisi na Wachina wa nyuso mbalimbali, si wale watesaji wenye misuko wa albamu yake kuhusu Wasovieti. Mjapani Mitsuhirato, ambaye hakuwa na rafiki mezani pa mchoraji, alibaki na meno ya kutokeza. Albamu hiyo nayo ilitiwa rangi mwaka 1946: somo lilikuwa mbele ya macho.

Kuchekesha bila dharau kuliwezekana: gazeti la michoro la Kinshasa, Jeunes pour Jeunes, lililoanza 1968, lilichekesha kuliko ukurasa huo. Mhusika wake, polisi Apolosa, ni kituko, lakini hindubili ya gazeti lile, yaani lugha ya mitaani ya Kinshasa, ni ya watu wanaocheza na lugha, si ya walioshindwa nayo.

Mwaka 1975 wachapishaji wa Skandinavia walilalamikia kifaru anayelipuliwa kwa baruti katika albamu hiyo ya Kongo. Hergé alikaa akauchora ukurasa ule upya, na kifaru akaondoka mzima. Abiria wa treni hawakuguswa.