Sonny Rollins Peke Yake

Miongoni mwa santuri za Sonny Rollins, mpulizaji saksofoni wa jazi kutoka Marekani, The Solo Album haina marafiki wengi. Ilirekodiwa tarehe 19 Julai 1985 katika bustani ya sanamu ya Museum of Modern Art, New York, mbele ya hadhira. Upande wa kwanza umeandikwa Soloscope, sehemu ya kwanza. Upande wa pili, sehemu ya pili. Ni karibu saa nzima ya saksofoni ya tenori na mtu mmoja. Ngoma hamna, besi hamna, piano hamna. Aliyetarajia nyimbo huambulia vipande: Rollins anaanza wimbo, anaukata, anadaka mwingine, anapanda ngazi ya noti na kuteremka, anarudia kifungu kile kile mara nne tano huku akikipinda kila mara. Wapo wakosoaji waliosema kwamba bwana huyu alikuwa anapasha vidole moto tu, na mazoezi ya mtu hayauzwi dukani.

Nadhani waliona sawasawa, wakahukumu vibaya. Ni kweli tunasikia mazoezi. Lakini kwa Rollins mazoezi na kazi havikuwahi kuwa vitu viwili, na sijui santuri nyingine inayouonyesha ufundi wake ukiwa uchi namna hii.

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunalijua domo la bata, yaani saksofoni, likiwa katika kundi. Hata bingwa kama Verckys, aliyeingia OK Jazz ya Franco mwaka 1963 na kuwatia watu wazimu kwa upulizaji wake, alikuwa na magitaa chini yake. Akinyamaza kuvuta pumzi, gitaa halinyamazi, na mchezaji hapotezi hatua. Viondoe vyote hivyo uone umasikini wa ala hii. Saksofoni, chombo alichokisajili Adolphe Sax mjini Paris mwaka 1846, hutoa noti moja kwa wakati mmoja. Mpiga piano akitaka noti nne pamoja anabonyeza kwa vidole vinne, kazi imekwisha. Mpulizaji hana njia hiyo. Inambidi azitawanye noti hizo moja baada ya nyingine, kwa mpangilio utakaoyafanya masikio yetu yaziunganishe yenyewe. Mapigo anayabeba kifuani. Na kila anapovuta pumzi pengo linabaki wazi, hakuna wa kulijaza. Ni kama msimulizi wa hadithi aliyefika barazani akakosa wa kumwitikia: sharti aseme, kisha aitikie mwenyewe.

Sikiliza anavyojiitikia. Kifungu kifupi kinatokea juu, chembamba, karibu cha mzaha; jibu linatoka chini kabisa, kwa sauti nene yenye mkwaruzo, kana kwamba ni mtu wa pili aliyeudhika. Pengo la pumzi halifichi, analitumia kama nukta. Na anapoingiza kipande cha wimbo ambao kila Mmarekani ameujua tangu utotoni, watu wanacheka kisha wanashangilia, naye hakai hapo, ameshaondoka. Kinachozuia haya yote yasiwe vurugu ni kumbukumbu. Kifungu alichokitupa mapema hurudi baadaye kimegeuzwa miguu juu, na kama ulikuwa makini unakitambua.

Ustadi huo wa kujenga jambo refu kutokana na kijineno kimoja ulikuwa umeshajadiliwa kwa maandishi. Mwaka 1958 mtunzi Gunther Schuller aliandika makala juu ya Blue 7, kipande kimoja katika santuri ya Saxophone Colossus ya mwaka 1956, akaonyesha hatua kwa hatua jinsi Rollins alivyokuwa akibuni papo hapo bila kuiacha mada yake ya mwanzo. Ilikuwa sifa kubwa, nayo ikamtia Rollins kiwewe. Mtu aliyekuwa akipuliza bila kujichungulia sasa aliambiwa ndani yake mna nini.

Ukiyatazama maisha yake ya muziki kwa jicho hili, yanaonekana kama ya mtu anayepunguza. Alizaliwa Harlem mwaka 1930, wazazi wake wakiwa wametoka Visiwa vya Virgin vya Karibiani. Kalipso ya St. Thomas, inayofungua Saxophone Colossus, imetokana na wimbo aliousikia kwa mama yake. Ujana wake ulipita kwenye heroini na jela, habari ambayo imesimuliwa vya kutosha. Mwaka 1957 akaanza kuondoa watu jukwaani. Katika Way Out West, iliyorekodiwa Los Angeles, hakuna piano: ni yeye, Ray Brown kwenye besi na Shelly Manne kwenye ngoma. Novemba mwaka huo huo alirekodi katika klabu ya Village Vanguard, New York, bila piano vilevile. Mwaka 1958 ikaja Freedom Suite, akiwa na Oscar Pettiford kwenye besi na Max Roach kwenye ngoma, ambapo suala la uhuru wa Mmarekani mweusi liliwekwa kwenye muziki wenyewe na si kwenye jalada tu. Na tayari katika miaka hiyo miwili alikuwa amepiga wimbo mzima peke yake studioni mara mbili, It Could Happen to You na Body and Soul. Aliyemtangulia njia hiyo ni mpulizaji mwenzake Coleman Hawkins, aliyerekodi Picasso peke yake mwaka 1948, na ambaye Rollins alimhusudu tangu alipokuwa kijana mtaani Harlem. Kwa hiyo bustani ile ya 1985 haikuwa kituko cha mzee aliyechoka na wenzake. Ilikuwa hesabu iliyoanza kupigwa miaka 28 nyuma.

Halafu kuna daraja. Katikati ya mwaka 1959, akiwa na miaka 28 na jina linalotajwa kila mahali, Rollins aliacha kupanda jukwaani. Aliona sifa zimempita uwezo. Alikuwa akiishi Lower East Side, mtaa wa Grand, na jirani yake alikuwa na mimba. Kumpulizia mama mjamzito saksofoni ukutani kutwa kucha hakukumpa raha. Akatoka na ala yake mpaka Williamsburg Bridge, daraja la chuma linalovuka East River kati ya Manhattan na Brooklyn, akapanda njia ya waendao kwa miguu. Treni zilipita kwa kishindo, magari yalipita, meli zilipiga honi chini, naye alipuliza. Alifanya hivyo mpaka mwaka 1961, jua na baridi, na mwenyewe amesema zipo siku zilizofika saa kumi na tano. Alikuwa akirekebisha vitu ambavyo hakuna msikilizaji aliyewahi kuvilalamikia: pumzi, sauti za chini, mkao wa mdomo. Daftari zake, ambazo sasa zimo katika kumbukumbu zake pale Schomburg Center, Harlem, zimejaa mambo ya aina hiyo, ya vidole na mapafu.

Hadithi ya daraja watu huipenda kwa sababu ina picha nzuri. Mimi naipendea ubishi wake. Soko lilikuwa linamtaka, bei ilikuwa inapanda, naye akasema bado. Tena aliporudi na kutoa The Bridge mwaka 1962, akiwa na mpiga gitaa Jim Hall, wapo waliovunjika moyo kwa kuwa hakurudi na muziki mpya wa kuwashtua. Walitaka mageuzi, yeye alileta sauti iliyotulia zaidi. Nani alisema lazima mazoezi yazae mtindo mpya?

Kelele za daraja zilimwachia kitu kimoja kinachosikika bustanini: nguvu ya kujaza uwazi. Nje hakuna ukuta wa kukurudishia sauti, kwa hiyo mpulizaji dhaifu humezwa na hewa. Rollins hamezwi. Na mwili ulikuwa sehemu ya kazi. Agosti 1986, akipigwa filamu na Robert Mugge kwenye machimbo ya mawe ya Opus 40 huko Saugerties, aliruka kutoka kwenye ukingo wa mawe katikati ya onyesho, akavunjika kisigino, na akiwa amelala chali akaendelea kupuliza. Sishauri mtu aige. Septemba 2001 alihamishwa na vyombo vya usalama kutoka nyumbani kwake, mitaa michache tu kutoka majengo ya World Trade Center yaliyokuwa yameshambuliwa, akatoka na saksofoni yake. Siku chache baadaye, tarehe 15, alipanda jukwaani Boston. Rekodi ya onyesho hilo ilimpatia tuzo ya Grammy mwaka 2006.

Kilichomwachisha si soko wala wakosoaji. Ni mapafu. Onyesho lake la mwisho lilikuwa mwaka 2012, na kufikia 2014 ugonjwa wa makovu ya mapafu ulikuwa umemzuia kupuliza kabisa.

Nikirudi kwenye santuri ile: je, ni kazi yake bora? Hapana. Upande wa pili una mahali anapozunguka bila kufika, na anayetaka utamu wa haraka ataupata kwingine. Kwa hiyo msomaji, kama humjui Rollins, usianzie hapa. Anza na Saxophone Colossus, usikilize anavyokwenda na wenzake watatu. Fuata Way Out West, uone piano ikikosekana na nafasi anayoipata. Ukishaizoea sauti yake hata kuweza kuitambua redioni, ndipo uweke The Solo Album, uisikilize kwa mkupuo mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kazi nyingine mkononi.