Jina Limefufuka, Bei Imebaki Kaburini

Mwaka 2018 kampuni ya Singapore iitwayo BandLab Technologies ilitangaza kwamba magitaa ya umeme ya Harmony yangerudi sokoni. Kwa wapenzi wa magitaa ya zamani hiyo ilikuwa habari ya kushangilia. Kiwanda cha Harmony mjini Chicago kilifungwa mwaka 1975, na kwa zaidi ya miaka arobaini aliyetaka Harmony halisi alilazimika kulisaka kwenye minada na maduka ya vitu vikuukuu, alikubali pamoja na nyufa zake, kutu yake na shingo yake iliyopinda. Sasa lingeundwa jipya, Marekani kwenyewe, likiwa na sura ile ile ya ujana wake.

Kwamba magitaa hayo mapya ni mazuri, sina ubishi. Ninachobishia ni ule usemi kwamba Harmony “imerudi”. Chapa ikifufuliwa, kinachofufuliwa ni nini hasa: jina, umbo, sauti, au uhusiano uliokuwapo kati ya kiwanda na wanunuzi wake? Ufufuo huu umeyashughulikia vizuri yale matatu ya kwanza. Hilo la nne umelipita kando, na kwa maoni yangu ndilo lililoifanya Harmony kuwa Harmony.

Tuanze na kiwanda. Harmony ilianzishwa mwaka 1892 na Wilhelm Schultz, mhamiaji kutoka Ujerumani. Mwaka 1916 ikanunuliwa na Sears, Roebuck, kampuni kubwa ya kuuza bidhaa kwa posta, wakati Wamarekani walipokuwa wamepagawa na ukulele na Sears ikitaka kulishika soko hilo. Mwaka 1940 Sears iliiachia Harmony, ikaenda mikononi mwa Jay Kraus na wenzake, lakini iliendelea kuwa mteja wake mkubwa. Ndiyo maana magitaa mengi yaliyotoka katika kiwanda hicho hayana jina la Harmony kichwani. Yameandikwa Silvertone, jina la Sears, au majina ya maduka mengine yaliyoagiza kwa jumla.

Biashara hiyo ya posta inataka maelezo kidogo, maana ndiyo roho ya hadithi yenyewe. Sears ilichapisha katalogi nene na kuituma mpaka vijijini. Mtu alichagua bidhaa, akajaza fomu, akatuma fedha, na mzigo ukamfikia kwa reli au kwa posta. Kwa Wamarekani Weusi wa majimbo ya Kusini, enzi za sheria za ubaguzi, jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Katika duka la kijijini, muuzaji Mzungu aliweza kuwasubirisha mpaka Wazungu wote wahudumiwe, akawauzia kilicho duni, au akawanyima mkopo. Katalogi haikuona rangi ya mtu. Bei iliyochapishwa ilikuwa bei ya kila aliyeisoma.

Gitaa lilisafiri kwa njia hiyo hiyo, pamoja na majembe, viatu na cherehani. Halikununuliwa kama pambo la ukutani. Lilikuwa kifaa cha nyumba, la kupigia kanisani Jumapili na kwenye dansi Jumamosi usiku, na likivunjika lilifungwa waya na kuendelea na kazi.

Halafu ukaja mlipuko. Kundi la The Beatles lilipoonekana kwenye televisheni ya Marekani mnamo Februari 1964, vijana wa nchi nzima walitaka magitaa ya umeme, na wazazi wengi hawakuwa na uwezo wa kununua Gibson au Fender. Harmony ilikuwapo kwa ajili yao. Katika kilele chake cha 1964 na 1965 iliuza vyombo 350,000. Inakadiriwa kwamba kati ya 1945 na 1975 kiwanda kilitoa magitaa karibu milioni kumi. Lakini kutoka Japani yakaanza kuingia magitaa ya bei ya chini zaidi, na miaka kumi baada ya kilele hicho Harmony ikaanguka. Aliyeishi kwa urahisi wa bei aliuawa na mwenye bei rahisi zaidi.

Urahisi huo haukushuka kutoka mbinguni. Ulitokana na maamuzi madogo madogo ya karakana. Mapambo ambayo kwenye magitaa ya kifahari yalichongwa na kupachikwa, hapa yalipakwa kwa rangi. Mbao za miili mingi zilikuwa za tabaka zilizogundishwa. Magitaa mengi ya ngazi ya chini yalikuwa na chuma ndani ya shingo kisichorekebishika: nyuzi zikiivuta shingo miaka nenda miaka rudi mpaka ikapinda, hakuna parafujo ya kukaza ili kuinyoosha.

Na vile vidude vinavyonasa mtetemo wa nyuzi na kuugeuza kuwa umeme, ambavyo wapigaji huviita pikapu, jina lile lile la gari, Harmony haikuviunda yenyewe. Ilivinunua kwa Rowe Industries ya Toledo, Ohio, iliyoviuza kwa jina la DeArmond. Vingi vilikuwa na utando unaong'aa kama dhahabu chini ya kava lenye matundu, urembo wa gharama ndogo kama karatasi ya pipi. Vya zamani mara nyingi hunasa hata kisichotakiwa. Ukigonga mwili wa gitaa, kishindo kinatoka kwenye spika. Ukipandisha sauti, gitaa linaanza kulia lenyewe.

Katika miaka ile, fundi yeyote angekwambia kwamba hizo ni kasoro. Leo zinaitwa “ladha”. Ili kuelewa zilivyobadilika jina, tuwatazame waliozipiga.

Hound Dog Taylor, mzaliwa wa Mississippi aliyehamia Chicago, alikuwa ameshapita umri wa miaka hamsini albamu yake ya kwanza ya bluzi ilipotoka mwaka 1971. Alijulikana kwa magitaa ya Kijapani ya bei rahisi, na sauti yake inakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye zege. Jimmy Reed alihusishwa na gitaa la Kay, mshindani wa Harmony hapo hapo Chicago, kiasi kwamba wakusanyaji waliliita kwa jina lake. Muziki wao hautenganiki na vyombo hivyo. Kile ambacho chombo hakikuweza, wao walikizunguka. Kile ambacho kilikifanya vibaya, wakakigeuza mtindo.

Miongo kadhaa baadaye Jack White akapanda jukwaani na Airline, gitaa la faibaglasi la miaka ya 1960 lililouzwa na Montgomery Ward, mshindani wa Sears katika biashara ya katalogi. Dan Auerbach wa The Black Keys akapiga Harmony. Sina neno nao. Ni wapigaji hodari, na White amesema waziwazi kwamba anapenda chombo kinachomtaabisha. Lakini yeye akichoka na taabu hiyo anaweza kununua gitaa lolote duniani. Kuanzia hapo kasoro ikawa chaguo, na chaguo lina soko lake.

Magitaa mapya ya Harmony yamezaliwa katika soko hilo. Chukua Jupiter. La zamani lilitoka mwishoni mwa miaka ya 1950 katika familia iliyoitwa Stratotone, pamoja na ndugu zake Mars na Mercury, wakati dunia nzima ilipokuwa ikitazama angani baada ya Sputnik. Kuna kitu kinachonigusa katika kulipa gitaa la mtu wa kipato cha chini jina la sayari kubwa kuliko zote. Jupiter jipya limehifadhi jina hilo, umbo hilo na ule utando wa dhahabu. Shingo yake inarekebishika. Rangi yake ni vanishi ya nitroselulosi, ile inayothaminiwa kwenye magitaa ya kifahari. Lilipoingia sokoni bei yake ilizidi dola 1,000. Waundaji wamechuja kila kilichokuwa kibovu, wakabakiza kilichokuwa kibovu kwa namna ya kupendeza.

Hata anwani inazungumza. Magitaa haya yalianza kuundwa katika jengo la Mtaa wa Parsons, mjini Kalamazoo, Michigan. Jengo hilo lilikuwa la Gibson mpaka mwaka 1984, ilipomaliza kuhamishia kazi zake Nashville. Mwaka uliofuata wafanyakazi wake wa zamani wakaanzisha humo kampuni ya Heritage, ambayo baadaye iliingia chini ya BandLab. Kwa hiyo Harmony, gitaa la yule asiyeweza kununua Gibson, limezaliwa upya katika nyumba ya Gibson.

Najua utetezi wake, na si utetezi dhaifu. Mafundi wa Kalamazoo wana familia na wanastahili mshahara wa kueleweka. Gitaa linaloundwa Marekani kwa mikono iliyozoea kazi haliwezi kuuzwa kwa bei ya katalogi ya mwaka 1960. Kama kampuni ingetaka bei ya chini, ingelazimika kuunda Indonesia au China, na hapo mashabiki wale wale wangepiga kelele kwamba hiyo si Harmony ya kweli. Mtego huo ni wa kweli. Lakini hebu tuutazame vizuri, kwa sababu unafichua jambo. Baada ya 1975 jina la Harmony lilinunuliwa na kubandikwa kwenye magitaa ya bei ndogo yaliyotoka Asia. Wakusanyaji huyadharau hayo, huyaruka wanaposimulia historia. Ilhali kwa kipimo cha nani aliweza kuyanunua, yale magitaa yanayodharauliwa yalikuwa karibu zaidi na Harmony ya katalogi kuliko haya ya Kalamazoo.

Ukikifuata kipimo hicho mpaka mwisho, utaona kwamba mrithi wa Harmony hajawahi kukosekana. Ni gitaa la kuanzia la Yamaha. Ni Squier, chapa ya bei nafuu ya Fender. Ni kila gitaa ambalo mzazi analinunua akisitasita, asijue kama mtoto atalitupa chini ya kitanda baada ya wiki mbili. Kazi ile iliendelea bila jina. Kilichofufuliwa mwaka 2018 ni jina bila kazi.

Mtu anaweza kuniuliza: na iwe hivyo, kuna ubaya gani? Ni gitaa tu, asiyelitaka asilinunue. Ubaya ninaouona mimi ni wa kumbukumbu. Kila chapa inayofufuliwa hujiuza kwa hadithi, na hadithi ya Harmony ni ya vibarua, wahamiaji na watoto wa vijijini waliofanya makubwa kwa kidogo walichokuwa nacho. Hadithi hiyo sasa inaongeza thamani ya kitu ambacho watu wa namna ile, wakiwa hai leo, wangekitazama dirishani na kupita. Taabu yao imekuwa kiungo, kama chumvi. Na yule asiyejua historia atabaki akidhani sauti ile ilitoka kwenye utando wa dhahabu, badala ya kwenye vidole vya mtu aliyekuwa akipambana nao.

Kuna sadfa moja ambayo mwandishi wa riwaya angeogopa kuitumia. Mwaka ule ule wa 2018, mwezi Oktoba, Sears ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Jina la gitaa lilirudi, na mlango uliolifikisha kwa wanunuzi wake ukawa unafungwa.

Sisemi Harmony iachwe izikwe. Nasema ufufuo wa kweli ungeanza chini. Ungetoa gitaa moja, bila nitroselulosi na bila mapambo, lenye shingo inayonyooka na pikapu zisizopiga kelele, kwa bei ambayo mtu anayeishi kwa mshahara wa wiki anaweza kuilipa kidogo kidogo. Ungeuza vipuri vya kuyatengeneza yale ya zamani ambayo bado yako katika mikono ya watu wasio wakusanyaji. Baada ya hapo, Jupiter la vanishi ya kifahari lingekuja kama pambo juu ya kazi iliyofanyika.

Mpaka siku hiyo, mtoto wa Chicago anayetaka gitaa la umeme na hana fedha atalipata, kwa sababu dunia imejaa magitaa ya bei nafuu kuliko wakati wowote. Litakuwa na jina lingine kichwani. Pengine ataliita bovu, atalizoea, na atatoa humo sauti ambayo miaka hamsini baadaye kampuni fulani itataka kuifufua.