Barabara Tuliyoiomba: Ilmorog katika Petals of Blood

Darasani tumezoea kuisoma Petals of Blood (1977) ya Ngũgĩ wa Thiong'o kama hadithi ya mabepari walioimeza Ilmorog. Usomaji huo ni sahihi, lakini unaacha swali moja: mlango walifunguliwa na nani?

Ukame unapowabana, wanakijiji wanafunga safari kwa miguu hadi mjini kumwona mbunge wao, Nderi wa Riera. Wanaomba msaada wa njaa. Baadaye wanaletewa barabara kuu, benki na hatimaye kiwanda. Hapo ndipo penye uchungu wa riwaya hii: maendeleo hayakuja kama adui, yalikuja kama jibu.

Mwandishi anayapima mabadiliko hayo kwa theng'eta. Mwanzoni Nyakinyua anaiandaa kwa desturi za wazee, watu wakainywa pamoja. Kisha Wanja na Abdulla wanaiuza. Mwishowe inatoka katika kiwanda cha Mzigo, Chui na Kimeria. Jina la kinywaji ni lilelile. Kilichobadilika ni mwenye nacho. Ardhi nayo inafuata njia hiyo. Wakulima wanakopa benki kwa kuweka mashamba rehani, wanashindwa kulipa, na Nyakinyua anafariki baada ya shamba lake kutangazwa kupigwa mnada.

Hata hivyo, riwaya ina upungufu. Wazee wa kijiji tunawajua kwa majina, mizaha na ugomvi wao. Wafanyakazi wa kiwanda karibu wote ni umati, na Karega ndiye anayewasemea. Akinyi, mfanyakazi anayemtembelea gerezani, anajitokeza riwaya ikikaribia kwisha. Kwa hiyo tunaona vizuri kilichopotea, lakini hatuoni vya kutosha namna watu wanavyoishi ndani ya mji huo mpya.

Mimi ni mzaliwa wa Hoima. Barabara za lami zilipojengwa kwa ajili ya mafuta, nyumbani tulishangilia, na babu alishangilia kutushinda sote. Alilipwa fidia ya shamba, fedha zikaisha. Leo mihogo ananunua sokoni, nayo inaletwa kwa barabara ileile.

Siwezi kusema babu alikosea kuitaka barabara. Mgonjwa kwetu alikuwa akibebwa kwa machela. Ngũgĩ amenifundisha kuuliza mapema zaidi: barabara ikifika, ardhi iliyo kando yake itakuwa ya nani?