Kuwachorea Watoto Miungu ya Kale

Je, yafaa watoto wa Kikristo wachorewe miungu ya kale? Swali hili twaweza kulipima kwa kitabu cha miungu ya Skandinavia cha Ingri na Edgar Parin d'Aulaire, *Norse Gods and Giants*, kilichotolewa Marekani mwaka 1967 na kuchapwa upya mwaka 2005 kwa jina jingine. Ingri alizaliwa mwaka 1904 huko Kongsberg, Norwei, nchi ya Kilutheri. Mwaka 1934 yeye na mumewe walikuwa wamekwisha kutoa kitabu cha picha juu ya Sala ya Bwana.

Sifa ya kwanza ya kazi yao ni unyofu. Odin, mkuu wa miungu, ana jicho moja; la pili alilitoa ili anywe katika kisima cha hekima. Baldr anakufa, na mwishoni karibu miungu yote inaangamia vitani. Mtoto huona pasipo kuhubiriwa kwamba hawa ni wakubwa, lakini ni wapungufu.

Hata hivyo, kuna kasoro ambayo mwanatheolojia hawezi kuinyamazia. Mistari ya wachoraji hawa ni laini na ya upole mno, hata majitu yenye vichwa vingi yanapendeza kama babu mcheshi. Adam wa Bremen, aliyeandika katika karne ya 11, asimulia kwamba huko Uppsala maiti za watu na wanyama waliotolewa dhabihu zilitundikwa mitini. Hatudai mtoto aonyeshwe hayo. Twadai asifichwe kwamba watu waliogopa. Maana kama hapakuwa na hofu, Kristo aliwaweka huru na nini? (Ebr. 2:15).

Wengine watasema dawa ni kuziondoa picha. Hiyo siyo njia ya Luther. Mwaka 1522 alihubiri Wittenberg dhidi ya walioondoa sanamu kwa nguvu, na mwaka 1529 alitoa kitabu cha sala chenye picha zipatazo 50, kwa ajili ya watoto na watu wa kawaida. Nao Wakristo wa Norwei, yapata mwaka 1200, walichonga kwenye mlango wa kanisa la Hylestad hadithi ya kale ya Sigurd akimwua joka. Waliiweka mlangoni, si madhabahuni. Twaona hekima katika kuipa hadithi mahali pake.

Huku kwetu hatari ni ya upande wa pili. Mchoraji akiagizwa kuchora mizimu, mara nyingi huchora mapembe na mkia, vitu alivyoazima katika picha za Ulaya za Shetani. Lakini mzee wa Kichaga aliyemwaga mbege penye isale alikuwa akisema na baba yake na babu yake. Kumchora kama mwabudu jini ni kumshuhudia uongo jirani yetu, naye ni mzazi wetu.

Kwa hiyo twashauri kitabu hiki kibaki katika kabati la shule ya Jumapili, lakini mwalimu aketi na mtoto na kumwuliza: watu hawa walimwogopa nani, na ni nani aliyewaondolea hofu hiyo? Na mchoraji wetu atakapopata kalamu, na achore hofu ya wazee wetu pamoja na upendo wao, wala asiwadhihaki.