Kidole Gumba Hakidanganyi

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1969, bendi ya Jefferson Airplane ilipanda jukwaani Woodstock mbele ya umati unaokadiriwa kufikia watu laki nne. Mwezi uliofuata, wawili kati ya wanabendi hao, mpiga gitaa Jorma Kaukonen na mpiga besi Jack Casady, waliketi katika klabu ndogo iitwayo New Orleans House, mjini Berkeley, California, wakapiga bluzi za zamani kwa watu waliokuwa wanakunywa bia. Mitambo ya kurekodi ilikuwa imewashwa. Kilichonaswa kilitoka mwaka 1970 kama santuri ya kwanza ya kundi lao, Hot Tuna, na mpaka leo ndiyo rekodi ninayomtajia mtu anayetaka kujua usiku wa bluzi katika chumba kidogo unafichua nini na unaficha nini.

Nimesema unaficha, na nitalirudia. Sifa inayotolewa kila mara kwa maonyesho ya aina hii ni kwamba mpigaji hana pa kujificha: hakuna taa za rangi wala ngoma za kufunika makosa, na msikilizaji yuko umbali wa meza mbili. Sifa hiyo ina ukweli nusu. Mkono hauwezi kujificha. Vitu vingine vinaweza, tena vinajificha vizuri zaidi chumba kinapokuwa kidogo.

Tuanze na mkono. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi anajua mgawanyo wa kazi: kuna gitaa la solo, kuna la rithimu, kuna la besi, na kila moja lina mtu wake. Anayepiga bluzi kwa vidole hana watu hao. Kidole gumba chake kinagonga nyuzi nene, pigo baada ya pigo, kama mtu anayetembea umbali mrefu bila haraka. Vidole vingine vinaimba kwenye nyuzi nyembamba. Ugumu wake hauko kwenye kasi. Uko kwenye kuufanya mkono mmoja uwe watu wawili wasiofanana tabia, mmoja mtulivu na mwingine mwenye maneno mengi. Mwenye maneno akinogewa, mtulivu hushawishika kumfuata, na hapo mwendo wote unayumba. Uwanjani ngoma zingeficha kuyumba huko. Kwenye chumba cha meza chache kila mtu anakusikia, hata asiyejua jina la kilichotokea. Atahisi tu kwamba mguu wake umeacha kugonga sakafu.

Ndiyo maana kipande kinachofungua santuri hii, Hesitation Blues, ni mtihani mzuri. Wimbo ni wa zamani na mepesi hauna: unaonekana kama utani, lakini unadai gumba lisilobabaika chini ya mistari inayokwenda na kurudi. Kaukonen anaufaulu. Zaidi ya hapo, anasikika anafurahi, na furaha ya mpigaji ni kitu ambacho bluzi hunyimwa na watu wanaodhani ni muziki wa kulia tu.

Kisha kuna Casady. Watu wengi huiita rekodi hii ya gitaa kavu, lile ambalo kwetu huitwa pia galatoni, lakini besi yake ni ya umeme. Mlinzi wa mila angelalamika. Mimi naona hapo ndipo akili ya rekodi ilipo. Katika bendi ya kawaida mpiga besi ndiye anayeshikilia mwendo. Akizurura, nyumba inaanguka. Hapa kazi hiyo imeshafanywa na kidole gumba cha mwenzake. Casady ameachiwa huru, na uhuru huo anautumia kuzungumza: anapanda pale gitaa linaposhuka, ananyamaza pale ulipotegemea ajibu, halafu anajibu nusu pigo baadaye. Walikuwa wanapiga pamoja tangu 1958, wakiwa bado vijana wa shule mjini Washington, na ukisikiliza unaelewa kwamba mazungumzo ya namna hii hayafanyiwi mazoezi ya wiki mbili. Ni ya watu waliokwisha kubishana kila walichokuwa nacho cha kubishania.

Pembeni Will Scarlett anapuliza kinanda cha mdomo. Mahali fulani glasi inavunjika, na mlio wake umebaki kwenye santuri, kiasi kwamba mashabiki waliipa rekodi nzima jina la utani la glasi iliyovunjika. Mtayarishaji mwingine angeukata. Kuuacha ni uamuzi wa kihakiki: unatuambia kwamba muziki huu ulitokea mahali, mbele ya watu waliokuwa na shughuli zao, na kwamba haukusimama kuwasubiri wakae vizuri.

Sasa tufike penye kasoro, maana kila anayeisifu rekodi hii huipita haraka. Mbili kati ya nyimbo zake kumi ni za Mchungaji Gary Davis: Death Don't Have No Mercy na Oh Lord, Search My Heart. Davis alizaliwa Laurens, South Carolina, mwaka 1896, akawa kipofu tangu utotoni, akapiga gitaa mitaani na kuhubiri, kisha akahamia New York. Mwaka 1960 aliurekodi wimbo wake wa kifo katika santuri ya Harlem Street Singer. Ukisikiliza toleo lake, utaona jambo la ajabu: gitaa si kipambo cha sauti, ni mtu wa pili kanisani. Davis anaanza sentensi kwa mdomo na kuiacha, gitaa linaimalizia. Sauti inakwaruza, inaita, inaamuru. Anaimba kuhusu kifo kama mtu anayekifahamu kwa jina na aliyeshafunguliwa mlango nacho.

Kaukonen wa 1969 ana umri wa miaka 28. Vidole vyake vimejifunza karibu kila kitu. Sauti yake haijafika. Ni nyembamba, ina adabu nyingi, inapita juu ya maneno kama mgeni aliyeingia nyumba ya msiba na hajui akae wapi. Gitaa linaujua wimbo na mwimbaji anauheshimu. Hayo ni mambo mawili tofauti. Na hapa ndipo chumba kidogo kinapoficha. Kwa kuwa tumekaa karibu, kwa kuwa vidole vinashangaza na mpigaji ni mnyenyekevu, tunamsamehe kabla hajaomba. Ukaribu hugeuka hoja. Tunatoka tukisema tumeguswa, wakati kilichotugusa ni kuona kazi ngumu ikifanywa mbele ya macho yetu.

Wahenga walishaonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Usiku wa bluzi una mgema wake. Baada ya miaka mingi ya ziara, mpigaji anakuwa na hadithi: nani alimfundisha, gari gani liliharibika wapi, mzee gani alimwambia nini. Hadithi hizo ni sehemu ya onyesho na nyingine ni tamu kweli. Lakini zinaweza kuanza kufanya kazi ambayo wimbo ulipaswa kuifanya. Ukimtaja Gary Davis kwa dakika tano kabla ya kupiga wimbo wake, hadhira itamsikia Davis hata kama wewe hujampiga. Kumtaja mzee si sawa na kumlipa.

Neno hilo, kulipa, nalitumia kwa maana ya mfukoni pia. Kaukonen hakumwibia mtu: aliipata mbinu ya Davis chuoni Antioch, Ohio, kutoka kwa mpigaji aliyeitwa Ian Buchanan, na hajawahi kuacha kusema hivyo. Davis mwenyewe alikuwa mwalimu wa kulipwa. Vijana wengi wa New York walikwenda nyumbani kwake na dola zao chache, wakakaa saa nyingi kuliko walizolipia. Kundi la Peter, Paul and Mary liliporekodi mwaka 1962 wimbo aliokuwa anaupiga kuhusu Samsoni, mapato ya hakimiliki yalimwezesha kununua nyumba katika mtaa wa Queens. Hiyo ni heshima unayoweza kuifunga kwa kitasa. Elizabeth Cotten hakuwa na bahati hiyo mapema. Alitunga Freight Train akiwa msichana, akaja kufanya kazi za ndani kwa familia ya Seeger, na wimbo ulipofika Uingereza miaka ya 1950 watu wengine waliusajili kwa majina yao. Ilibidi ligombaniwe mpaka jina lake lirudi.

Nimemtaja Cotten kwa sababu nyingine pia. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na gitaa alilijifunza bila kubadilisha nyuzi, yaani aliligeuza tu. Kwa hiyo kwake kila kitu kilipinduka: vidole ndivyo vilivyopiga besi, na gumba ndilo lililoimba. Hakuna aliyemfundisha, wala hakuna aliyemkataza. Rekodi ya maonyesho yake, Elizabeth Cotten Live!, ilimpatia tuzo ya Grammy akiwa na zaidi ya miaka 90. Humo anasimulia kati ya nyimbo, sawa na wapigaji wengine wa ziara, ila hadithi zake hazimwombei msamaha wala hazimkopeshi uzito. Anaongea, kisha anapiga, na sauti ni ileile. Kwangu hicho ndicho kipimo. Onyesho la chumba kidogo limefaulu pale ambapo hadithi na wimbo vinatoka kwa mtu mmoja.

Na sisi wa upande huu tuna sababu yetu ya kujali. Mwaka huohuo wa 1969, tamasha la Newport, Marekani, lililowahi kuwapandisha jukwaani wakongwe wengi wa bluzi, lilimkaribisha Mwenda Jean Bosco kutoka Katanga. Mwenda aliimba kwa Kiswahili. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, na Masanga ilisambaa mpaka Nairobi, ambako karibu na mwaka 1960 alikaa na kupiga, na vijana wakamwiga. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada. Viwili tu. Gary Davis naye, gwiji ambaye vijana wa Marekani walimfuata nyumbani, alipiga kwa gumba na shahada. Sidai kwamba mmoja alimfundisha mwingine. Nasema tu kwamba watu wawili, kila mmoja upande wake wa bahari, walipewa kisanduku kilekile chenye nyuzi sita na wakaona kwamba vidole viwili vinatosha kuwa bendi.

Tofauti iko kwenye waliokuja baada yao. Davis alipofariki mwaka 1972, mikono iliyobeba mbinu zake ilikuwa mingi, na baadhi yake bado iko barabarani. Kaukonen, aliyevuka miaka 80, alianzisha shule yake huko Ohio, Fur Peace Ranch, iliyofunguliwa mwaka 1998, ambako watu wazima wenye kazi zao walikwenda kufundishwa gumba pigo kwa pigo. Mwenda alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari. Miongoni mwa waliosafiri kuwatafuta wapigaji wa kizazi chake na kukaa miguuni pao alikuwa Mwingereza, John Low, na safari hiyo aliiandika katika kitabu cha Shaba Diary, kilichochapishwa mwaka 1982. Namshukuru. Lakini lugha ya nyimbo zile ni yetu, na asingepaswa kuwa yeye ndiye tunayemtegemea atusimulie.

Dawa ya deni ni kulipa, na katika muziki huu malipo ya kwanza ni saa za kukaa na mkono wa mtu mwingine mpaka wako uelewe. Hilo ndilo ninalolisikia katika santuri ya Berkeley, pamoja na upungufu wake wote: kijana aliyekwisha kulipa kwa mkono na ambaye bado anadaiwa sauti. Kwa kipimo hicho rekodi hii ni nzuri, na si kamilifu. Nyimbo mbili za mwisho, zilizotungwa na Kaukonen mwenyewe, zinathibitisha. Katika Mann's Fate haimbi kabisa. Gumba linashika mwendo, vidole vinakwenda mbio, besi inawakimbilia, na kwa mara ya kwanza usiku ule hakuna mzee anayetajwa kwa sababu hakuna haja. Alichofundishwa kimekuwa chake.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kukaa katika chumba kama kile, iwe ni mkongwe wa ziara anayepita mjini kwenu au mzee wa mtaani ambaye gitaa lake lina nyuzi tano, usimtazame usoni. Uso unajua kuigiza maumivu. Tazama kidole gumba, usikilize kama kinatembea au kinasukumwa. Halafu hadithi ikianza, jiulize kama ni yule yule anayeongea. Na akimaliza, kabla hujampigia makofi, muulize kama anafundisha, na saa ngapi.