Taa ya Kuonekana

Land Rover Series III hujificha bila kukusudia. Ilitengenezwa Solihull, Uingereza, kati ya mwaka 1971 na 1985, nyingi zikipakwa kijani kilichokolea, kijivu au rangi ya mchanga, na jua la miaka yote hiyo limezifubaza hata rangi hizo. Ipite chini ya miembe saa sita mchana, au ije ndani ya vumbi la lori lililotangulia, na dereva wa upande wa pili anayetaka kuovateki basi lililo mbele yake atatupa jicho mara moja tu na kuona barabara tupu. Taa mbili ndogo nyeupe puani mwake zingetosha kumrudisha nyuma ya basi asubiri.

Watu wa kaskazini ya Ulaya waliliona jambo hili mapema. Ufini ilianza mwaka 1972 kudai taa mchana wakati wa baridi nje ya miji, na Uswidi ikafuata mwaka 1977 kwa magari yote, mwaka mzima. Umoja wa Ulaya ulichelewa: aina mpya za magari madogo zililazimika kuwa na taa za mchana kuanzia Februari 2011. Sababu yao ilieleweka, maana jua lao hutembea chini chini. Huku kwetu wengi hudhani jua la utosini limemaliza kazi, wakasahau kwamba jua kali ndilo linalotengeneza kivuli kizito, na gari hupotea hapo kwenye kivuli.

Jibu la haraka ni kuwasha taa kubwa mchana kutwa. Kwa gari la juzi, sawa. Kwa hili la zamani, tupige hesabu: balbu mbili za wati 55, pakingi za mbele na za nyuma pamoja na taa ya namba, kila moja wati tano, jumla wati 135. Hizo ni karibu ampea 10. Altaneta ya Lucas 16ACR iliyofungwa kwenye nyingi za gari hizi ilitoa ampea 34 ilipokuwa mpya, tena injini ikiwa inazunguka kwa kasi. Kwenye foleni, injini ikiwa sailensa, betri ndiyo inayolipa deni. Jozi ya taa za mchana za LED hula wati kumi hivi, chini ya ampea moja. Halafu taa kubwa ni ya kuonea, na mwanga wake wa dimu umeinamishwa barabarani. Ya mchana ni ya kuonekana, inamtazama anayekuja. Kanuni namba 87 ya Umoja wa Mataifa inataka kila taa ya mchana itoe kandela kati ya 400 na 1,200. Ikipungua hapo jua linaimeza, ikizidi inakuwa kero.

Taa zenyewe hazina ufundi mkubwa. Unazinunua zikiwa kwenye boksi. (Zile za bluu zinazometameta kama za ukumbi wa muziki tuwaachie wenye nazo.) Ufundi uko nyuma ya shoo, mahali ambapo mwenye gari hataangalia kamwe. Fundi wa haraka huvuta waya kutoka betri, huweka swichi ya kubonyeza chini ya deshibodi, hukunja viungo kwa vidole, huzungusha tepu, na taa zinawaka. Siku dereva atakaposahau kuzima, asubuhi atatafuta watu wa kusukuma.

Fundi ninayemsifu ana banda lake pembeni mwa Moshi, na kinachonivutia kwake ni muda anaotumia bila kugusa plaizi. Anafungua boneti, anainama, anasoma. Waingereza waliacha maandishi ndani ya gari lile kwa rangi za nyaya. Kahawia ni umeme wa betri usiozimika. Mweupe umetoka kwenye swichi ya ufunguo, na kijani ni umeme huohuo wa ufunguo baada ya kupita kwenye fyuzi. Mwekundu ni pakingi, bluu ni taa kubwa, mweusi ni ethi. Kwenye karatasi, basi, kazi ni nyepesi. Ila gari limeshapita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja ameongeza sentensi yake: kipande cha waya wa spika hapa, waya wa taa za nyumbani pale, mwekundu umeungwa kwenye kijani. Kwa hiyo haamini rangi hata moja mpaka testa imethibitisha, ufunguo ukiwa umefungwa, kisha ukiwa umefunguliwa, kisha taa zikiwashwa moja moja. Kwa ndugu wakubwa wa gari hili, wale wa miaka ya 1950, hupima kwanza hata ethi yenyewe, maana wengi wao walifungwa chanya kwenye bodi, na LED ukiigeuza haiwaki.

Umeme wa taa za mchana huuchukua kwenye kijani: ufunguo ukifunguliwa zinawaka, ukifungwa zinazimika, dereva hana la kukumbuka. Kuzizima usiku ndiko kunakotaka akili. Anatumia rilei ya miguu mitano. Rilei ikiwa imetulia, mguu wa 30 umegusana na 87a, na umeme unapita kwenda kwenye taa. Koili ikipata umeme, ulimi unavutwa upande wa pili na taa za mchana zinakatika. Swali linabaki moja: koili ipewe umeme kutoka waya gani?

Mafundi wengi huchukua mwekundu wa pakingi. Yeye anaukataa, kwa sababu kuna madereva wanaotembea na pakingi tu jua linapozama, na hapo gari lingepoteza taa zake za mchana saa ileile linapozihitaji zaidi. Anakwenda kwenye bluu, na bluu ziko tatu. Yenye mstari mwekundu ni ya dimu, yenye mstari mweupe ni ya fulu. Ukiunga kwenye ya dimu, kila dereva akipiga fulu taa za mchana zinafufuka. Anatafuta bluu tupu, ile inayotoka kwenye swichi ya taa kabla haijafika kwenye swichi ya kubadilisha dimu na fulu. Hiyo ina umeme kwa zote mbili. Na kuna zawadi ndani yake: dereva akimpiga mwenzake taa kumwashiria, umeme unakwenda moja kwa moja kwenye bluu yenye mstari mweupe bila kupita huku, hivyo taa za mchana hazikonyezi. Kanuni za Ulaya zinataka hivyohivyo. Koili ikiungua, taa za mchana zinaendelea kuwaka. Ubovu umeelekezwa upande wa usalama.

Baada ya hapo anahangaika na ethi kuliko kitu kingine chochote. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na bolti zake ni za chuma. Unyevu ukiingia katikati, aluminiamu inaliwa na kubaki unga mweupe usiopitisha umeme. Taa iliyofungwa ethi kwenye bodi itawaka siku ya kwanza vizuri kabisa, kisha masika yakifika itaanza kufifia. Yeye anavuta waya mweusi mpaka kwenye chesisi, anakwangua rangi hadi chuma king'ae, anaweka washa yenye meno, anakaza, anapaka grisi juu yake.

Kutoboa hatoboi. Anakata chuma bapa, anakikunja, anakifunga kwenye bolti za bampa zilizokuwapo tangu zamani. Taa ziachane angalau milimita 600, zisiwe chini ya milimita 250 kutoka ardhini wala juu ya 1,500. Bampa la gari hili linatimiza hayo bila taabu. Nyaya mpya anazilaza sambamba na za zamani na kuzivika tepu ya kitambaa, ile isiyong'aa, na kila kiungo anakivuta kwa nguvu kabla ya kukifunika.

Mwenye gari niliyemkuta pale bandani siku moja, mstaafu, alizunguka mbele, akarudi ndani, akapapasa chini ya deshibodi.

"Fundi, swichi umeniwekea wapi?"

"Hakuna swichi, mzee. Washa gari."

Akawasha. Wakati anahesabu pesa, huku akilalamika kwamba kazi imezidi bei ya taa, fundi alikuwa akichora kwa kalamu ya risasi kwenye kipande cha boksi: kijani, fyuzi, miguu mitano ya rilei, bluu tupu, chesisi. Akakibandika ndani ya kifuniko cha fyuzi, kwa ajili ya fundi mwingine.