Urahisi au Uchache? Mapokezi ya Wahakiki kwa Mchezo wa Princess Peach: Showtime!

Mnamo tarehe 22 Machi 2024, kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Princess Peach: Showtime!, mchezo wa video wa watoto uliotengenezwa na studio ya Good-Feel kwa ajili ya mashine ya Switch. Peach, binti mfalme ambaye tangu 1985 amezoeleka kutekwa na kuokolewa na Mario, hapa ndiye mhusika mkuu. Jumba la maonyesho limevamiwa na mchawi Grape na genge lake. Katika kila tamthilia Peach huvaa maleba mapya na kupata uwezo mpya. Maleba hayo ni ya aina kumi, miongoni mwake mpiga upanga, mpelelezi, mwoka keki, ninja na nguva.

Mapokezi yalikuwa vuguvugu. Wahakiki walisifu uchangamfu wa majukwaa na umbuji wa maleba, kisha wengi wakahitimisha kwamba mchezo ni rahisi mno. Walilalamikia pia kusitasita kwa picha na kusubiri kwingi kati ya onyesho na onyesho. Malalamiko haya mawili ya mwisho hatuna ugomvi nayo: mashine ikikwama, humkwamia mkubwa na mdogo.

Lawama ya urahisi ndiyo inayohitaji kupimwa. Mchezo huu huendeshwa, kwa sehemu kubwa, kwa vitufe viwili tu: cha kuruka na cha kutenda. Mtu mzima aliyecheza kwa miaka thelathini ataona hapo pengo. Mtoto wa miaka sita anaona mlango. Kwa maoni yetu, wahakiki walihisi kasoro ya kweli lakini wakaipa jina lisilo lake. Kasoro hiyo ni uchache. Uwezo wa mwoka keki, kwa mfano, unafurahisha, lakini unaondoka kabla haujakua. Mpiga upanga na mpiganaji wa kung fu, licha ya tofauti za mavazi, wanakaribiana mno katika mwendo wa kupiga na kukwepa. Mtoto naye huliona hilo, pengine mapema kuliko sisi.

Jambo jingine lilistahili nafasi kubwa zaidi. Katika Super Princess Peach ya 2005, nguvu za Peach zilitokana na hisia zake, kilio na hasira vikiwamo, na wahakiki kadhaa waliona humo taswira kongwe ya mwanamke. Safari hii nguvu zinatokana na dhima anazozichukua. Hayo ni mageuzi ya uhusika, wala si ya mavazi pekee.

Washauri wa sera wanaoteua kazi za kidijiti za watoto wasizichukue alama za wahakiki bila kuuliza nani alipima, na kwa lugha gani. Kiswahili hakimo katika lugha za mchezo huu, na mazungumzo yake kwa kiasi kikubwa husomwa kwenye skrini. Katika tamthilia ya mpelelezi, mchezaji huhoji, hulinganisha maelezo na kumbaini mhalifu. Kwa mtoto wa Mwanza au Mombasa ambaye bado anajikongoja katika kusoma Kiingereza, sehemu hiyo si rahisi hata kidogo, na ugumu wake haumo katika vitufe.